Sweta Zisizo na Vifungo

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Bi Sindano, fundi aliyeshona sare za shule kwa miaka ishirini na sita. Tumemzika juzi. Nilipanga kuongea kwa upole, lakini nimejaa kinyaa na sitakificha.

Bi Sindano alikuwa na binti mmoja. Akili ya mtoto ilikuwa nzuri, mikono ndiyo haikumtii. Kikombe kilimponyoka, kifungo kilimshinda. Daktari alikuja kueleza baadaye kwamba si uvivu, ni mwili unaoshindwa kupanga miendo yake. Shuleni walimwita Gogo.

Kila Jumatatu kulikuwa na ukaguzi wa sare. Gogo anasimamishwa mbele, anafunga vifungo vya sweta, darasa zima linahesabu hadi thelathini. Mtoto wa miaka tisa, wasikilizaji. Mwalimu anacheka mpaka anafuta machozi.

Nyumbani, mama naye alikosea. Alishona vifungo ishirini kwenye kitambaa, akaweka saa mezani, akamfanyisha mazoezi kila jioni. Binti akaacha kula. Binti huyo, leo dada yetu mtu mzima, anakumbuka: "Nilimuuliza, mama, hata wewe unanihesabia? Nikamwambia bora nisiwepo."

Bora nisiwepo. Miaka tisa, kisa vifungo.

Mama aliitupa ile saa. Akaenda kwa mkuu wa shule kuomba ukaguzi ukome. Akajibiwa, "Mama, tusimdekeze, atazoea tu." Sare za shule hiyo alizishona yeye. Muhula uliofuata alipeleka sweta mia tatu, na hakuna hata moja yenye kifungo. Zote za kupitishia kichwani. Baridi ilishaingia, wakazipokea wamenuna. Ukaguzi ukafa. Kazi ya sare wakamnyang'anya, naye akasema, "Wakashonewe na mwingine. Mwanangu leo amekula."

Jana shule ileile imetuma rambirambi hapa redioni, eti "mshirika wetu mpendwa". Nimezitupa kapuni. Watu hawana haya.

Nilimuuliza dada yetu kama amepona. "Nafanya kazi, nina watoto," alisema. "Ila watu wakihesabu kitu kwa pamoja, natoka nje."

Pole sana dada, poleni familia nzima. Nawe msikilizaji, jiulize ni nani alisimamishwa mbele ya darasa lenu, na wewe ulikuwa unafanya nini. Mimi nilikuwa darasa lile la Gogo. Mwalimu alinichagua kuongoza hesabu, kwa sababu nilikuwa na sauti nzuri. Ndiyo hii mnayoisikia.