Kopo la Tambuu la Dada Drimsimai

Mheshimiwa Mchungaji, wazee wa kanisa, ndugu, majirani, na ninyi nyote mliopanda mlima huu kwenye mvua ya siku tatu, mimi ni Banteilang Kharbuli, mdogo wake marehemu na mjomba wa watoto wake, na ukoo umenikabidhi kazi ya kusoma historia hii. Sauti yangu leo ni kali na mikono inanitetemeka, mtanivumilia, sababu nitaisema kabla sijakaa.

Marehemu Drimsimai Kharbuli alizaliwa tarehe 12 Machi 1954 katika kijiji hiki cha Mawsngap, karibu na Sohra, akiwa mtoto wa nne na binti wa mwisho wa mama yetu, Bi. Trolin Kharbuli, na kwa kuwa kwetu nyumba hubaki kwa binti wa mwisho, tangu anatambaa ilijulikana kwamba mlango huu ni wake, na sisi wengine tutaingia kwa hisani yake. Alipofika miaka saba Mama alimtia mdomoni tambuu ya kwanza, kipande cha popoo, jani na chokaa kiduchu, apate joto wakati wa mvua, na hakuna aliyeona ubaya, maana kijiji kizima kilikuwa kinatafuna, na mgeni asiyepewa tambuu mlangoni alijiona amefukuzwa.

Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1961 hadi 1967 alipomaliza darasa la sita, na huko aliwahi kusimamishwa mbele ya wenzake kwa sababu ya meno mekundu, akamwambia mwalimu, "Na ya kwako je, Mwalimu?" darasa likaangua kicheko, naye akala viboko ambavyo alivisimulia kwa fahari mpaka uzeeni.

Tarehe 20 Novemba 1976 alifunga ndoa na shemeji yetu Wostar Nongsiej, ambaye alihamia hapa kwa mkewe kama inavyotakiwa, wakajaliwa watoto watatu, Rikynti, Pynshai na Ibameri, huyu Ibameri ndiye binti wa mwisho na ndiye mwenye nyumba kuanzia juzi. Mwaka 1979 marehemu alifungua kibanda cha wali na chai pale stendi ya magari ya Sohra, na kila mteja akimaliza sahani alipewa tambuu, na yeye alitafuna pamoja na kila mteja, siku moja nilikaa nikamhesabia, nilipofika thelathini nikaacha.

Sasa nafika mahali ambapo ningependa kuparuka, lakini yeye mwenyewe aliniambia nisiparuke. Asubuhi ya tarehe 3 Juni 2009 yai la kuchemsha lilimshinda kuingia mdomoni, akadhani yai ni kubwa, akachukua jingine, nalo likamshinda, ndipo tukampeleka Shillong kwa daktari, ambaye alimwambia apanue kinywa na aingize vidole vyake vitatu, vikaingia viwili tu, tena kwa kusukuma. Daktari akamwambia, "Mama, huu mlango unajifunga. Ukiendelea na tambuu utakula kwa mrija, na saratani haiko mbali."

Aliacha siku ileile, akadumu siku tisa. Akaacha tena, akadumu miezi mitatu, akaangushwa kwenye msiba wa shangazi yetu, ambako alitengewa tambuu na wafiwa akaona haya kuwakatalia. Akaacha mara ya tatu, akafika siku arobaini, na aliyemwangusha mara hiyo ni mimi, ndugu zangu, mimi ninayewasomea. Nilikuja na mfuko wangu, nikamwambia, "Dada, moja tu, ni popoo ya mti alioupanda Mama," na alipokataa nikamcheka, nikamwuliza kama siku hizi amekuwa Mzungu, akaitia mdomoni, akatafuna huku machozi yanamtoka, kisha akasimama akanionyesha nje, "Bante, ukirudi hapa na huo mfuko, mlango huu si wako." Nilikaa miezi minane sijavuka kizingiti cha nyumba niliyozaliwa, na nilistahili.

Tarehe 17 Agosti 2010 aliacha mara ya nne. Alibuni njia yake, kwamba akipewa tambuu anaipokea kwa mikono miwili, anasema asante, kisha anaiweka kwenye kopo la biskuti analotembea nalo, asimvunjie mtu heshima wala asijivunje mwenyewe, na kila asubuhi alibana kati ya meno vijiti alivyopewa na daktari vya kupanua kinywa, akiongeza kimoja kimoja, huku anaguna kwa maumivu. Kibandani aliondoa tambuu kabisa, wateja wakanuna, madereva wakamtania, "Dada, hiki ni kibanda au zahanati?" naye akawajibu, "Zahanati. Kaa hapo nikuangalie ulimi." Shemeji Wostar alikuwa akificha zake nyuma ya banda la kuku, akadhani hajulikani, shemeji, tulikuwa tunajua sote.

Msidhani baada ya hapo ilikuwa rahisi. Miaka kumi na miwili aliniambia kwamba kila mvua inapoanza mate yanamjaa, na kwetu mvua haikosekani.

Mwezi Januari 2023 alianza kukohoa, mapafu yakavimba, na tarehe 2 Februari alilazwa Shillong, lakini kabla ya kuondoka alitukusanya jikoni akasema, "Homa ikinipanda nitaomba. Najijua. Hata nikilia, msinipe." Tarehe 5, saa tisa mchana, akaomba. Alinishika mkono akaniita kwa jina la utoto, akasema, "Bante, nipe kidogo tu," na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nayo mfukoni, imefungwa kwenye jani, kwa sababu mwenzenu sikuwahi kuacha. Ibameri analia, "Mpe, Mjomba, mama anakufa, ubaya uko wapi?" na mkono wangu ulikuwa umeshaingia mfukoni, ukaishika, nikasimama hivyo sijui muda gani, ukatoka mtupu. Marehemu alinitukana, akasema nina roho mbaya tangu utotoni, akageukia ukutani, nikajiona nimemuua kwa kiu.

Kesho yake asubuhi homa ilishuka, akatuangalia mmoja mmoja, akauliza, "Mlinipa?" Nikasema hatukukupa. Akasema, "Apa." Nikasema, haki ya Mungu, Dada, hatukukupa. Akamwambia Ibameri alete vidole, akapanua kinywa, vikaingia vitatu, akacheka mpaka akakohoa. Alifariki tarehe 7 Februari saa tano asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na minane, na miaka kumi na miwili na ushee bila tambuu.

Ukoo unawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliochota maji na kupika, na wenzake wa stendi mliofunga vibanda leo.

Siku tatu hizi kila anayeingia anamuaga kwa maneno yetu ya siku zote, "Nenda ukale tambuu uani kwa Mungu." Najua ni mapenzi. Nawaomba, huyu msimwambie hivyo.

Na sababu ya ukali wangu ni hii, mfuko wangu niliumimina juzi kwenye kopo lake, lile pale juu ya jeneza, leo ni siku ya pili na hali yangu mnaiona. Yeye mara ya kwanza alidumu tisa.

Dada, wakikukaribisha tambuu huko uendako, pokea kwa mikono miwili, sema asante, iweke kando. Sasa pumzika, umeshinda.