Fundi Bati Aliyejifunza Kusema Hajasikia

Marehemu mpendwa wetu, aliyejulikana na wengi kwa jina la Baba Masanduku, alizaliwa tarehe 9 Juni 1949, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni, akasoma hadi darasa la saba na kuishia hapo, kwa kuwa mikono yake, kama alivyopenda kujisifu, ilikuwa na akili kuliko kichwa.

Mwaka 1966 alianza ufundi bati katika karakana ya mjomba wake, akagonga masanduku ya wanafunzi wa bweni hadi nyundo ikamharibia masikio. Tarehe 2 Agosti 1975 alifunga ndoa na mpishi wa hospitali, aliyemtangulia mwaka 2003, wakajaliwa binti mmoja.

Masikio yalipofifia, marehemu aliona haya kuuliza mara ya pili, akawa mtu wa kuitikia tu, ukimweleza msiba anatabasamu, ukimtania anatabasamu, nasi tukasema mzee huyu mpole, kumbe wapi. Ndivyo ilivyokuwa tarehe 14 Januari 2009, binti yake alipomfuata karakanani, akasimama nyuma yake huku fundi mwenzake akigonga, akamweleza kwamba mumewe anampiga, akaomba arudi nyumbani. Marehemu hakuambulia kitu, akageuka, akaitikia kwa kichwa, akamwambia, "Haya mwanangu, nenda salama, msalimie mumeo," naye binti akajua amefukuzwa, akavumilia huko miaka miwili, hadi alipovunjwa mkono na kuletwa na majirani zake.

Binti alipomwambia kwamba siku ile alimwomba arudi, marehemu alifunga karakana, akalia kama mtoto. Alikwenda kliniki, akapewa vifaa vya masikio, ambavyo alilalamika kuwa vinasikia vijiko kuliko watu, akafundishwa kukaa mahali ambapo mwanga unampiga usoni anayesema, kuomba aguswe bega kwanza, kuzima redio, kurudia alichoambiwa ahakikishe, na kusema "Sijakusikia" bila aibu. Alitusumbua sana jamani, hata kikao cha harusi alikisimamisha hadi tukaongea mmoja mmoja. Lakini hatia haikumtoka, na kila alipomwomba binti yake amsimulie upya maneno ya siku ile, binti alijibu, "Yamekwisha, baba."

Machi 2023 figo zilimshinda, akalazwa. Tarehe 3 Mei binti yake alimwosha, akamvalisha vifaa vyake, akavuta kiti karibu na dirisha, akamweleza yote tangu mwanzo, marehemu akimkatiza mara kwa mara, "Rudia hapo, mwanangu," wala hakutabasamu hata kidogo. Binti alipomaliza, marehemu akampa jibu lililochelewa miaka kumi na minne, "Usirudi kule. Chumba chako kipo." Alifariki tarehe 5 Mei, alfajiri.

Familia inawashukuru madaktari walioshusha barakoa ili awasome midomo, mafundi wenzake, na zaidi majirani wale waliomleta binti yetu nyumbani, bila kungoja kuombwa.

Pumzika sasa kwa amani, Baba Masanduku, binti yako anasema ulimsikia.