Kuvuta na Kushika

Jumamosi ile ya mwaka 2013 Kalume alifika kijiweni Juru, katika kambi ya wakimbizi, amechoka kama mtu aliyelima, na jembe hakuligusa. Wiki ya tatu sasa mkewe, Mariette, yuko kwa dada yake Kaberebere. Alisema atarudi siku mumewe atakapojua kuongea bila kufoka, maana Kalume alifoka hata chumvi ikizidi, na leo anakuja kusikia kama amejua. Ndiyo maana mzee mzima akaenda kwenye mafunzo ya kupunguza mawazo, yale ya kugawiwa soda na sabuni. Usimcheke, mfa maji hukamata maji. Sasa, kahawa mkononi, alikuwa akiwafundisha wenzake.

— Unavuta pumzi na pua, unahesabu mpaka ine. Kisha unashika.

— Unashika kwa nguvu? aliuliza Gad, aliyeitwa Daktari kwa kuwa zamani aliuza vidonge sokoni Uvira.

— Unashika tu.

Wakavuta wote, mashavu yakafura.

— Banange! alilipuka Swalik, mnunuzi wa maharage kutoka Mbarara, ambaye wao humwita Kilo. Hewa ya hapa iko na vumbi mingi. Ukishika, vumbi nabaki ndani. Hiyo ndio naleta presha, ssebo.

— Hapana, Kilo, alisema Kalume. Hasira inakaaka mu maini. Pumzi ikishuka kule, inaizimisha. Bazee balisema, haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba ya hewa?

— Ndiyo! Unaonaka batu ba ofisi? Unabalilia, beye banaandika tu. Bameshika pumzi bale!

— Basi siku nawachilia yote pamoja, mabati ya ofisi Kabazana nang'oka!

Kalume hakucheka. Wiki mbili alivuta na kushika, akavuta na kushika, mpaka kichwa kikamuuma, na hasira iko palepale. Aliona haya kuwaambia.

Mwishoni mwa benchi alikaa Eliane, mama aliyehamia Juru juzi tu kutoka Kabazana.

— Samahani, baba. Kushika pumzi tulijifunzaka mu migomba, tukijificha baaskari banapita. Na kuachilia? Mwalimu alisema ni wakati gani?

Kalume akakumbuka. Siku ya mafunzo, mwalimu alipofika kwenye kushika, nje waliita namba za posho, naye na nusu ya ukumbi wakakimbilia foleni ya mahindi. Aliporudi, watu walikuwa wanagawiwa sabuni.

— Sijue, mama. Nilitokaka.

Hakuna aliyemcheka. Foleni ile wote waliijua, haimngoji mtu.

Muuza kahawa akainamisha birika, yakatoka machicha tu. Wakati huohuo baiskeli ya abiria ikasimama na Mariette akashuka na mfuko wake. Kalume akainuka. Akavuta, moja, mbili, tatu, nne, akashika. Maneno aliyoyapanga tangu alfajiri yakabaki ndani pamoja na pumzi.

— Sema basi, Kalume.

Pumzi ikamtoka yenyewe, ndefu, na neno ambalo hakulipanga.

— Nimechoka, Mariette. Nimechoka sana.

Hakufoka. Mariette alimtazama, akatua mfuko, akaketi kwenye benchi.

— Na miye, akasema.