Kadi ya Stesheni ya Charbagh

Baba Padri, ndugu, majirani, nanyi nyote mliokula mkate wa reli, mimi ni Trevor, mtoto wa kwanza wa marehemu Denzil Rozario, na kabla sijasoma wasifu wake niseme wazi kwamba baba aliomba azikwe na ile kadi ya posta yenye picha ya stesheni ya Charbagh na makuba yake, na hadi jana jioni mama alikuwa hajakubali.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1934 katika makazi ya reli, Gonda, kaskazini mwa India, akiwa mtoto wa nne wa dereva wa garimoshi, akasoma shule ya misheni Lucknow hadi 1951, ambako, kwa maneno yake mwenyewe, alipata hesabu kidogo na viboko vingi, na mwaka uliofuata akaajiriwa kutia makaa kwenye injini za mvuke, akapewa udereva 1963, akastaafu 1992.

Mwaka 1958 alimpenda Hazel, binti wa mkuu wa stesheni ndogo ya Kesarpur, akanunua kadi hiyo, akaandika nyuma, "Hazel, nikubali, nitakuwa naoga kila siku," na kwa kuwa sisi watu wa reli posta hatuiamini, akaichomeka ndani ya mfuko wa kibali cha njia, yaani ruhusa ya treni kuingia kipande cha reli kilicho mbele, ule wenye pete kubwa, ambao dereva humrushia mtu wa stesheni treni ikipita bila kusimama. Penzi lilimsahaulisha kwamba kibali hakikai stesheni, hupewa treni inayofuata. Siku kumi na tisa kadi ilipanda na kushuka, na kila aliyefungua mfuko aliisoma na kuongeza lake: Bwana Tiwari, mkuu wa stesheni ya jirani, aliandika, "Binti, mkubali, hanywi sana," na Ramzan, mshika bendera, "Anakoroma, ila moyo wake mzuri."

Mama alipoipata hakujibu kwa maandishi, alipanda treni hadi Gonda, akamkuta baba juu ya injini, mweusi tii kwa makaa, akamwambia mbele ya watu, "We Denzil, njia nzima inajua mambo yangu, mimi ndiye wa mwisho? Haya shuka, kaoge, twende kwa padri." Walifunga ndoa tarehe 22 Novemba 1958, wakajaliwa watoto watatu, mimi, Yvette na Leslie.

Mwaka 2016 mapafu yalianza kumsumbua, na alfajiri ya tarehe 6 Februari 2019 alitutoka, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mama. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika wali na dengu bila kuombwa, na wastaafu wenzake mliokuja hata kwa mikongojo.

Leo asubuhi, jeneza likiwa bado wazi, nilimuuliza mama tena kuhusu kadi, akaitoa kwenye mfuko wa koti alilovishwa baba, akasema, "Yeye anakwenda kwa Mungu, hatakosa kitu. Mimi narudi kwenye nyumba ile peke yangu. Niachieni barua yangu."

Baba, utusamehe, tumemsikiliza mama. Lala salama, upumzike kwa amani.