Pai ya Cheri

Ijumaa kabla ya sikukuu ya kuzaliwa kwa Washington, Bi Lorene alipanda basi mjini Alexandria, Marekani, akiwa amepakata pai. Alikuwa akienda darasani kwa mjukuu wake, kusimulia jinsi Washington, rais wa kwanza wa nchi hiyo, angali mtoto, alivyokata mcheri wa babake kwa shoka akakiri.

"Dada, hiyo aliitunga mhubiri muuza vitabu," alisema Otis, mzee aliyeketi kando yake, alipoelezwa safari hiyo.

"Yaani tunawafunza watoto ukweli kwa uongo?"

"Miaka yote! Na meno ya bandia ya Washington hayakuwa ya mti, kama tulivyoambiwa. Mengine, wanasema, yaling'olewa kwa watumwa. Kwa mababu zangu."

Basi likafunga breki ghafla. Otis akaidaka pai, akamrudishia taratibu.

"Sasa niwaambie nini, kaka?"

"Mie usiniulize, nitaharibu sherehe."

Basi likasimama shuleni. Mjukuu alikuwa getini akipunga shoka la karatasi, anacheka na pengo lake la jino.