Meneja Ndani ya Kikapu

Benchi letu lilikuwa meza ya pasi kabla halijawa benchi. Mke wa Dobi ndiye aliyekuwa akipiga pasi pale dukani mchana kutwa, mwenyewe Dobi akifua uani na kuzungusha nguo kwa wateja. Mama yule alipofariki, Dobi hakuweza tena kuitazama ile meza. Akamwita seremala, ikakatwa miguu, ikatolewa nje ukutani, kati ya mlango wake na kibanda changu cha kushona viatu. Ndipo tunapokaa kila asubuhi na birika langu la kahawa, tukiamua mambo ya dunia ambayo hatukuulizwa. Mwisho wa ubao bado ipo alama nyeusi ya pasi, ya siku ile Shemeji alipocheka mpaka akaisahau mkononi. Sote tulimwita Shemeji, hata wasiomjua mumewe. Enzi zake ukipita hapa unanusa mkaa na nguo mbichi, unamsikia akiimba kwa sauti ya chini maneno anayoyajua mwenyewe. Siku hizi pasi ni ya umeme na dukani kimya. Mimi ni mtu wa kusali, najua kwamba aliyetoa ndiye aliyetwaa, lakini nakiri kuna asubuhi nausikiliza ule ukimya kuliko ninavyousikiliza msumari ninaougonga.

Basi asubuhi hiyo Dobi alitoka na kikapu cha nguo kilichofungwa kamba, akakisukuma chini ya benchi, akaketi bila salamu. Kikapu kikalia.

— Umemfunga nani humo? aliuliza Spika. Huyu ni kinyozi wetu. Akinong'ona, mtaa wa pili wanaitikia.

— Meneja. Daktari wa mifugo anamtaka kabla ya adhuhuri.

Meneja ni paka. Jina alipewa na Shemeji, kwa kuwa saa za kazi alikuwa anakaa tu kutazama wenzake wakifanya.

— Anamtakia nini tena? Si juzi tu ulimpeleka?

— Mafigo, ndugu yangu. Anasema alazwe siku kadhaa. Awekwe kwenye kizimba, atundikiwe dripu mguuni, avishwe kola shingoni asije akaing'oa.

— Halafu anapona?

— Hajasema anapona. Kasema huenda akasogea.

— Kusogea kwenda wapi?

— Ndivyo alivyosema, Spika. Nami sikuuliza.

Dobi aliipokea kahawa akaishika tu.

— Safari ile ya kwanza alilia njia nzima, alisema. Akajikojolea. Walipotaka kumpiga picha ya tumbo wakamlaza chali, akamng'ata daktari kidole. Tulivyorudi akaingia uvunguni, hali, hanywi. Namwita, ananitazama kama mtu aliyemuuza.

— Si wahenga walishasema! Spika akapiga paja. Paka hakubali kulala chali!

— Wahenga hawakuwa wanazungumzia picha ya tumbo, nikamwambia.

— Wewe ulikuwepo?

Kwenye mwisho wa benchi, mahali pake pa siku zote, alikaa Injinia na gazeti lake la juzi. Injinia ni fundi redio. Kila kitu chini ya jua kwake ni redio iliyoharibika.

— Mpeleke, Dobi, alisema. Mficha maradhi kilio humuumbua.

— Nimeficha nini? Daktari kaona, wewe umejua, na kwa mdomo wa Spika mji mzima utajua.

— Nakueleza kitaalamu. Paka ni redio tu. Redio ikianza kukoroma unafanyaje? Unaizima, unaiacha ipoe, unaiwasha upya.

— Paka unamzimaje?

— Ndiyo kazi ya kizimba!

— Acha zako, Injinia, alisema Spika. Redio yangu inapoa kwako tangu mwaka juzi. Hata kukoroma imesahau.

Tulicheka. Nilicheka hata mimi, na paka wa watu analia chini ya makalio yangu. Mungu anisamehe.

— Sikilizeni ya mtu mzima, Spika aliendelea. Huyu paka haumwi. Paka ana roho saba, au nimekosea? Sasa tumhesabie. Alianguka paa la bucha, moja. Alifungiwa kwenye kabati la mteja, mbili.

— Alikunywa maji ya buluu ya kufulia, akasema Dobi polepole. Mke wangu alilia siku hiyo.

— Tatu! Anazo nne mkononi, mtu wangu. Tajiri huyu! Dripu ya nini?

— Roho za paka hazina akiba, alisema Injinia. Zile ni kama betri, hata usipozitumia zinakwisha. Mpeleke. Ngoja ngoja huumiza matumbo.

— Na haraka haraka haina baraka!

— Sasa tumbo na baraka, kipi kinamuuma paka?

Wakaendelea hivyo. Injinia akadai mafigo ya paka huharibiwa na mawimbi ya simu, ndiyo maana enzi za zamani paka walikuwa wanene. Spika akadai kinyume, kwamba paka wa zamani walinenepa kwa sababu watu walikuwa wanene, na paka humuiga mwenye nyumba. Hivyo dawa ni Dobi ale vizuri, Meneja atapona kutoka mbali. Halafu, kama kawaida yake, akapitiliza.

— Au niseme ninaloliona? Marehemu ndiye anayemwita. Paka wanaona, bwana. Huenda Shemeji mwenyewe yumo humo humo kikapuni, na ninyi mnataka kumtundikia dripu!

— Spika, usikufuru! nikamkemea. Yule mama amepumzika.

Dobi hakukasirika. Laiti angekasirika.

— Siamini hivyo, alisema. Mke wangu hayumo kikapuni. Lakini jioni, saa ile aliyokuwa akifunga duka na kuja nyumbani, Meneja huwa anakwenda kukaa mlangoni. Anaangalia. Nami nakaa naye. Tunakuwa wawili wa kumngoja. Daktari anasema nisipompeleka hamalizi mwezi. Nikimpeleka, anaweza kunifia kizimbani, kwa watu asiowajua, akidhani nimemtupa. Sasa niambieni, nyie wenye akili. Nifanye lipi?

Mimi ninayewahimiza wengine kumtegemea Mungu nikamwongezea kahawa, na Mola anajua kwamba kahawa yenyewe nilikwisha kuizidishia maji.

Ndipo alipofika mama mmoja na furushi la sare za shule kichwani. Alikuwa mpangaji mgeni, hajamaliza hata kuwajua majirani.

— Habari za hapa, kaka zangu. Dobi ni yupi?

— Huyu mwenye huzuni, alisema Spika. Karibu, dada. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa tuna mgonjwa.

Akamweleza yote, mafigo, kizimba, dripu na kola, na zile roho nne zilizobaki. Yule mama akalitua furushi, akachutama, akachungulia katikati ya fito za kikapu.

— Maskini weee. Na akiwa na raha zake, huyu anapenda nini?

— Anapenda nini kivipi? aliuliza Dobi.

— Kitu chochote tu, ambacho akikipata unasema leo yuko sawa.

— Samaki! alijibu Spika.

— Samaki hamgusi, alisema Dobi. Mke wangu alikuwa analalamikia hilo kila siku.

— Maziwa basi, alisema Injinia. Ndiyo yanayomleta hapa kila asubuhi.

— Ulishampa maziwa? aliuliza yule mama.

— Mimi? Thubutu! Namfukuza kwa gazeti.

— Na anarudi?

— Kila siku, kichwa ngumu huyu. Nikikaa tu, huyo hapa, ananikwaruza suruali.

— Sasa huwa anafuata nini?

Injinia akalikunja gazeti lake. Asubuhi ngapi nilimwona akifukuzwa, nikasema pia "shika njia", nikaendelea na kiatu changu? Na husemwa paka wa nyumba haingwa, yaani hafukuzwi.

— Mimi nilikuwa uani, alisema Dobi. Uani au njiani na nguo za watu. Mke wangu ndiye aliyeshinda naye. Akasugua uso kwa viganja. Miaka yote hii, dada yangu. Nimelala na paka huyu nyumba moja, na sijui anapenda nini.

Akainama, akakivuta kikapu, akafungua kamba.

Meneja hakukimbia. Alitoka mguu mmoja mmoja, amekonda, mbavu zinahesabika. Hakutazama uchochoro wala mlango. Akaenda moja kwa moja mpaka mwisho wa benchi, akasimama kwa miguu ya nyuma, akaweka ya mbele kwenye goti la Injinia. Injinia, kwa mazoea, akanyanyua gazeti. Likabaki hewani.

— Sogea, alisema Dobi.

Injinia akasogea. Meneja akaruka, akaukosa ubao, akatulia, akaruka tena. Akazunguka juu ya ile alama ya pasi, kisha akaanza kuukanda ubao mtupu kwa viganja vyake, taratibu, kulia, kushoto, kama kuna kitu laini pale.

Wa kwanza kusema alikuwa Spika, na kwa mara ya kwanza nilimsikia akisema kwa sauti ndogo.

— Mashati yangu.

— Yana nini?

— Yalikuwa yanarudi na manyoya mgongoni. Mimi nikigomba, Shemeji anacheka tu, ananiambia ni kitambaa. Ina maana nguo zikitoka pasini, alikuwa anazirundika hapo mwisho zikiwa bado za moto...

Dobi alikwisha kuingia ndani. Tukasikia pasi ikigongwa kwenye meza yake mpya, halafu tukanusa ile harufu, ya kitambaa chenye unyevu kikipata moto, na wallahi nilishindwa kuendelea na uzi niliokuwa nautunga. Alirudi na blanketi lililokunjwa, akalitandika juu ya alama. Meneja akalala, akaingiza pua chini ya mkia, akaanza kuunguruma.

— Na daktari? aliuliza Injinia.

— Nitakwenda mwenyewe. Nimuulize kama kuna dawa ya kumpunguzia maumivu hapahapa.

— Atakufa mapema, Dobi.

— Atakufa. Blanketi nitalipasha.

Yule mama aliokota furushi lake, akauliza kwa upole kama sare zake bado zinapokelewa.

— Zinapokelewa, mama. Jioni zitakuwa tayari, alisema Dobi, mkono wake juu ya mgongo wa paka. Ila huenda zikarudi na manyoya.

Injinia naye akanyanyuka, ili Meneja apate mahali pa kunyoosha miguu. Spika akafuata, nami nikafuata. Kahawa iliyobaki birikani tuliinywa tumesimama.