Kidole Kwenye Picha

Mama aliyeketi mbele yangu ndani ya basi aliukodolea macho mkono wa jirani yake, bwana asiyemjua kabisa. "Samahani kaka, si wewe unayepiga picha za vyakula vya lile duka la mtandaoni? Gumba hilo lenye kovu naliona kila wiki."

Bwana akalificha mfukoni. "Ni mimi, dada. Uniwie radhi, ndilo linaloshika pakiti. Bosi kashanigombeza. Tena anataka nipige mbele tu, eti maandishi ya nyuma hayasomwi."

"Hayasomwi? Mwanangu akila karanga koo linavimba. Juzi biskuti kwa mbele zimeandikwa maziwa tu. Nikafungua picha ya nyuma, karanga hizo hapo, kando ya kidole chako. Mungu akuzidishie, kaka yangu."

Mimi sikuwa nasikiliza, ila masikio hayana pazia.

"Nashukuru, dada. Lakini bosi atasema huyo ni msomaji mmoja."

"Basi mwambie ana mtoto."

Basi likasimama. Mama akageukia mlangoni. "Na kidole usikitoe. Siku hizi mwanangu hali kitu mpaka akione hicho kidole."